Tabibu Aliyekataa Kung'arisha Meno

Kwa miaka kumi na moja duka langu la vitenge lilipakana na kliniki yake hapa Nyasubi, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akiguguna muhindi wa kuchoma. Utasema, mtu mzima ana kazi gani ya kuangalia jirani yake anakula nini. Ninayo. Wateja wa vitenge huja kwa msimu, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao. Nilimsikia akikohoa, nikamsikia akichemsha vyombo vyake, nikamsikia akiwaambia watu neno alilolipenda kuliko yote, nalo ni hapana.

Alikuwa tabibu wa meno. Watu wa mtaani walimwita daktari, naye kila mara aliwarudi: "Mimi tabibu. Daktari yuko hospitali kubwa." Basi mimi nikamwita Tabibu, na kwangu jina lake likawa hilo. Kwao ni kijiji gani, baba yake nani, alioa lini, hayo sitayasimulia. Mengine siyajui na mengine hayatuhusu.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likaanza kuonyesha shati la ndani. Na alikuwa na meno. Hapa lazima nieleze vizuri, kwa sababu kama hutoki kwetu hutaelewa kwa nini mtu asifiwe kwa kuwa na meno. Nusu ya watu wa mtaa ule tumetoka upande wa Kishapu, na maji ya visima vya Kishapu yana madini. Ukiyanywa ukiwa mtoto, meno yanaota tayari yana madoa, mengine ya manjano, mengine ya kahawia kama birika la chai lisilosuguliwa. Ni meno magumu. Hayaumi, yanatafuna mahindi makavu bila wasiwasi. Ila hayapendezi, basi, na sisi wenyewe tunajua, ndiyo maana wanawake wengi wa kwetu hucheka wakiwa wameweka kiganja mdomoni.

Sasa katikati yetu anakaa huyu Msukuma mwenzetu, anasema Kisukuma cha kwetu kabisa, na kinywani ana meno meupe yaliyojipanga kama askari wa gwaride. Hakuna lililomzidi mwenzake. Watu walikuwa na maneno. "Huyu ana dawa yake anajipaka mwenyewe," alisema mama muuza mchele wa mbele yetu. "Sisi anatunyima ili abaki yeye peke yake." Nilimwambia aache umbea. Moyoni nilikuwa nakubaliana naye.

Asubuhi akifungua mlango aliniamkua kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, kisha akasubiri jibu huku macho yake yako mdomoni kwangu. Ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba salamu ile ilikuwa ni uchunguzi. Siku moja nilipoitikia, badala ya kuuliza habari za nyumbani akasema, "Jino la nyuma kushoto limeanza kutoboka. Njoo mchana." Nikaenda. Lilikuwa limetoboka kweli.

Saa nne alikunywa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo mtoto wa kwetu hutafuna akienda shule na vinasikika vikivunjika kama kuni. Yeye alivitumbukiza kwenye chai, akaviacha mpaka vikalegea, ndipo akala taratibu kwa kijiko, ameelekea ukutani. Muwa hakugusa. Nyama ya kuchoma aliikata vipande vidogo kwa kisu cha mfukoni. Mimi nilidhani ni ustaarabu wa watu waliosoma.

Wachimbaji walimpenda na kumchoka kwa wakati mmoja. Nakumbuka mmoja aliyetoka kwenye duara, yale mashimo ya huko Msalala, akiwa amepata mawe mazuri. Alikuja na kipande cha dhahabu kwenye karatasi ya sigara, akataka avishwe jino la dhahabu hapa mbele.

"Jino lipi limeharibika?" Tabibu akauliza.

"Hakuna lililoharibika. Nataka tu ling'ae."

"Hapana."

"Mzee, dhahabu ni yangu, jino ni langu."

"Na mkono ni wangu. Silichongi jino zima ili nilivishe kofia. Nenda kaoe, jenga, nunua ng'ombe. Ikibaki, njoo tuongee."

Yule kijana alitoka anacheka, akatuambia sote tuliokuwa nje kwamba mzee ana roho mbaya lakini anachekesha.

Mara nyingine alipita mchuuzi wa unga mweusi wa kusugulia meno, ameubeba kwenye ndoo, anatangaza kwa kipaza sauti kwamba ni mkaa uliochanganywa na kitu cha siri na kwamba siku tatu tu meno yanakuwa ya mtangazaji wa televisheni. Tabibu alitoka, akanunua kifuko kimoja. Akatoa simu yake mfukoni, simu nzuri, mpya, akamwaga unga kidogo kwenye kioo, akasugua kwa kidole kama mtu anayepiga mswaki. Halafu akaifuta na kumwinulia mchuuzi aone. Kioo kilikuwa kimejaa mikwaruzo. Akaingia ndani. Mchuuzi akahama mtaa, na Tabibu akatumia simu yenye mikwaruzo miaka minne iliyofuata, akiitazama kwa pembeni kila akitaka kusoma ujumbe.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa radhi aharibu simu yake kuliko kutamka sentensi tatu za kueleza. Ukimuuliza kwa nini, alisema, "Kwa sababu nimekuambia." Mgonjwa akisisitiza, alinyamaza na kupitisha ulimi juu ya meno yake ya mbele, kutoka kushoto kwenda kulia, tabia aliyokuwa nayo. Nilijua kwamba akishafanya hivyo mazungumzo yamekwisha. Niliwahi kumwambia waziwazi: "Tabibu, wewe unajua mengi lakini mdomo wako mzito. Watu wanaondoka hapa wanadhani unawadharau." Akajibu kwamba watu wazima hawahitaji hotuba.

Kilichotukera zaidi ni kwamba kuna mtu alimfanyia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, mpole. Nilisikiliza kazi ile yote kupitia mbao, sina haya kulisema. Siku ya kwanza hakumpaka chochote. Alimtazama jino moja moja, akaziba tundu lililokuwepo, akamsafisha ukoga, akamuuliza kama ana mimba au ananyonyesha. Akachukua umbo la meno yake, na baadaye akampa kifuniko chembamba cha plastiki kilichomkaa mwenyewe na dawa kidogo ya kutia ndani. "Kiasi cha punje ya mchele kwa kila jino. Meno yakisisimka kwa baridi, pumzika siku mbili. Ufizi ukiwasha, acha, uje. Kila wiki nikuone." Mwezi ulipokwisha mwalimu alikuwa na meno ya mtu aliyelala vizuri. Hayakuwa meupe ya kutisha. Yalikuwa masafi tu.

Kwa hiyo kujua alijua, na dawa alikuwa nayo.

Nafika kwa mwanangu Mbuke sasa. Ni binti yangu wa pekee, na wakati huo alikuwa ameposwa na kijana wa Ushirombo, fundi umeme, familia ya Kikatoliki ya watu wapole wanaolima. Siku walipokuja kujitambulisha, tumekaa vizuri, soda zimefunguliwa, shangazi wa kijana akasema kwa utani, "Binti yenu mzuri jamani, ila mbona hacheki? Au hatutaki?" Watu wote wakacheka, na shangazi wa watu hakuwa na nia mbaya, utani ni haki yake. Lakini Mbuke alikuwa amekunywa maji ya Kishapu kwa bibi yake mpaka alipofika miaka minane. Aliinua ncha ya khanga akajiziba mdomo. Chakula cha siku ile hakukigusa. Wageni walipoondoka alinieleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hatakwenda kwenye send-off yake, sherehe ya kuagwa nyumbani, akiwa na meno yale, afadhali iahirishwe. Mbuke si mtu wa vitisho, na hilo ndilo lililonitia hofu. Zilibaki wiki tatu.

Kesho yake nikampeleka upande wa pili wa ukuta.

"Shikamoo, Tabibu."

"Marahaba, Mama Mbuke. Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nimekuletea mtoto umng'arishe meno. Ana send-off baada ya wiki tatu."

Alimkalisha, akawasha taa, akamtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Kuna gego limetoboka," akasema. "Hilo nitaliziba leo."

"Na ya mbele?"

"Hapana."

"Mbona yule mwalimu ulimfanyia?"

"Yule ni yule."

"Tabibu, mtoto hali chakula. Anataka kuahirisha."

"Mama Mbuke, nimesema hapana."

Akapitisha ulimi juu ya meno yake, kushoto kwenda kulia. Nikayatazama yale meno yake meupe, nikayachukia. Sikuwahi kuchukia viungo vya mtu kabla ya siku ile.

Leo najua sababu zake, kwa sababu nilikuja kuzisikia. Meno ya mwalimu yalikuwa na rangi ya chai na kahawa, rangi ya juu. Ya Mbuke rangi ilikuwa ndani, imeota na jino lenyewe. Dawa ile ingeanza kwa kuyafanya madoa meupe yaliyojificha kati ya yale ya kahawia yaonekane zaidi, akaenda kwenye sherehe yake na mabaka. Ilihitajika kazi ya miezi, tena kwa njia nyingine. Maelezo hayo ni ya dakika tano. Angeyasema, ningeyaelewa, mimi si mjinga. Hakuyasema.

Nikaenda Segese.

Kulikuwa na sonara huko, mteja wangu, kila msimu alimnunulia mke wake vitenge. Kazi yake ilikuwa kununua dhahabu kwa wachimbaji na kuisafisha. Dhahabu ikitoka motoni huwa imefubaa, ina weusi, haina hadhi. Anaitia kwenye tindikali, inachemka kidogo, inatoka inawaka. Sijui nani alikuwa wa kwanza kuwaza kwamba kinachoisafisha dhahabu na jino kitalisafisha. Usituone wajinga. Ukiishi kwenye dhahabu, kila siku unaona kitu kichafu kinaingia kwenye chupa na kutoka kinang'aa, mwisho akili inakubali yenyewe. Yule sonara alikuwa anaizimua tindikali kwa maji na kuitia kwenye vichupa vya dawa ya macho. Wasichana waliita maji ya sonara.

"Haiunguzi?" nilimuuliza.

"Ukiizidisha tu, mama. Pamba kwenye kijiti, gusa, suuza. Dhahabu yenyewe haidhuriki, sembuse jino?"

Nilikubali. Iliingia akilini kabisa.

Sasa kwetu kuna desturi moja, na ndiyo iliyotuokoa na ndiyo iliyoniponza. Mwenye chungu huonja kwanza. Pombe ya mgeni, mwenyeji hunywa funda la kwanza mbele ya macho yake. Dawa ya mtoto, mama huitia ulimini mwake kabla hajamnywesha. Mimi nimelelewa hivyo na sikuweza kumpa mwanangu kitu ambacho mimi sijakionja. Kwa hiyo siku ile mchana nilivuta pazia la dukani, nikachukua kioo cha wateja, nikajipaka kwenye meno yangu mawili ya mbele ya juu.

Ilikuwa chachu, ikatoa povu kidogo. Nikasuuza, nikafuta kwa kitambaa, nikafungua mdomo mbele ya kioo. Miaka mingi nilikuwa na meno yale, na sikuwahi kuyaona hivyo. Yalikuwa meupe kama chaki. Meno mawili meupe katikati ya ya kahawia, na mimi mtu mzima nilisimama pale nyuma ya pazia nikicheka peke yangu, bila kiganja.

Mbuke alipoyaona machozi yalimtoka. "Mama, nipe sasa hivi."

"Kesho. Anayeonja husubiriwa."

Asubuhi niliamka, nikapiga mwayo. Hewa tu. Hewa ya asubuhi ilipogusa yale meno mawili nilisikia maumivu yakipanda mpaka puani na kurudi shingoni, nikashika ukingo wa kitanda. Ufizi wa juu ulikuwa umegeuka mweupe na kuanza kuambuka kama ngozi ya maziwa. Nikakumbuka kichupa. Nikatoka mbio na khanga moja. Mbuke alikuwa dirishani na kioo chake, pamba imeshalowa, mdomo wazi. Nilimpiga mkono. Pamba ikaruka, kichupa kikaanguka, na pale kilipomwagikia, sakafu ya saruji ikachemka na kutoa povu. Tulisimama wote wawili tukiiangalia sakafu. Doa lile lipo hadi leo, nimeliwekea mkeka.

Tabibu alipofungua mlango alinikuta nimekaa kwenye ngazi yake. Hakuamkua. Alinitazama mdomo, akauliza swali moja.

"Mtoto amepaka?"

"Hajapaka."

Akaketi. Kwa miaka yote sikuwahi kumwona akiketi kabla ya mgonjwa. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa na mikono yake magotini, kisha akainuka akanifanyia yaliyowezekana. Alinisuuza kwa maji mengi, akanipaka kitu cha kuyafunika meno, akanipa dawa ya ufizi. Maneno "nilikuambia" hayakutoka kinywani mwake, wala siku ile wala siku nyingine, na kwa hilo namheshimu. Alipokuwa anamaliza akauliza, "Aliyekuuzia, yeye alionja?"

"Hapana."

"Kinachong'arisha dhahabu kinakula kila kisicho dhahabu," akasema. "Ule weupe ulikuwa jino likiliwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akieleza kitu. Nikamuuliza yeye mambo ya masonara ameyajulia wapi. Akageuka akaenda kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu.

Send-off ilifanyika. Tabibu alikuwa amemwita Mbuke peke yake na kuongea naye mlango umefungwa, kwa sauti ya chini ambayo hata mbao hazikunisaidia. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba binti yangu alitoka pale, akala, na siku yake ilipofika alikwenda na meno yake ya Kishapu. Shangazi wa Ushirombo alicheza mpaka akaangusha kilemba, Mbuke akacheka waziwazi, kila mtu akaona, na muziki ukaendelea. Mimi ndiye niliyekaa meza ya mbele nimebana midomo, kwa sababu hewa ya feni ilikuwa inaniua. Mtu mmoja akauliza mbona mama wa bibi harusi hacheki.

Meno yangu hayakupona. Yalianza kumeguka pembeni, kipande leo, kipande wiki ijayo, mpaka yote mawili yakang'olewa. Tabibu alichukua umbo la kinywa changu, akaagiza Mwanza meno mawili ya bandia yaliyoshikiliwa na kipande cha plastiki ya rangi ya ufizi. Yalipofika nilifungua karatasi nikaona ni ya kahawia.

"Tabibu, hata ya bandia?"

"Yafanane na wenzao. Meupe yatakaa pale kama wageni wasioalikwa."

"Mbona wewe yako meupe?"

Nilisema kwa hasira, na sikutegemea jibu. Alipitisha ulimi kushoto kwenda kulia, akaniambia nifungue mdomo.

Miaka miwili baadaye alifunga kliniki. Kabla ya hapo, Mbuke alipokwisha kumwachisha mtoto wake wa kwanza ziwa, Tabibu alimkalisha mara kadhaa, akayasugua madoa taratibu na kuyafunika meno manne ya mbele kwa kitu kama udongo wa rangi ya jino, safi, bila maumivu. Kazi ya siku yake, kwa wakati wake, kama alivyotaka. Halafu akapakia kiti chake kwenye gari, akaniachia benchi la wagonjwa, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," akarudi Kishapu. Nililia kidogo, ingawa tulikuwa hatujaelewana vizuri tangu siku ile ya meno ya kahawia.

Mwaka jana nilikwenda mnada wa Mhunze, huko Kishapu, kuuza vitenge. Upande wa ng'ombe kulikuwa na vumbi, nikajisogeza kwa wauza viatu, na hapo nikamwona babu mmoja amekaa kwenye kigoda. Mashavu yamezama, midomo imeingia ndani, kidevu kimekaribia pua. Mbele yake kulikuwa na kimeza, na juu ya kimeza kikombe cha bati chenye maji. Vijana walikuwa wamemzunguka, wengine wanacheka. Ningempita. Lakini alinitazama mdomo kabla ya kunitazama uso.

"Mwangaluka, Mama Mbuke."

Nikasogea. Ndani ya kikombe kulikuwa na meno. Meupe, yamejipanga, hakuna lililomzidi mwenzake. Ya juu yote.

"Shikamoo, Tabibu," nikasema.

"Marahaba. Keti."

Nikaketi. Alinieleza bila kuulizwa, yeye ambaye kwa miaka yote alikuwa haelezi. Kabla ya kusomea meno alikuwa kijana wa machimbo, anasafisha dhahabu ya tajiri mmoja. Alikuwa na meno kama yangu na alitaka kumwoa msichana fulani. Tindikali ilikuwa mbele yake kila siku. Aliipaka, yakang'aa, akarudia, kwa sababu yalikuwa yanang'aa. Akiwa na miaka ishirini na mitatu kinywa cha juu kilikuwa kitupu. Ndiyo maana sasa kila mnada anayaweka mezani, vijana wayaone.

Nilikitazama kile kikombe. Hasira iliyonijia ilikuwa ya zamani, imekaa ikinisubiri.

"Siku ile nilipokuletea Mbuke," nikasema, "ungeyatoa haya ukayaweka mezani, nisingefika Segese."

"Najua."

"Dakika moja tu, Tabibu."

"Najua, mayu. Nilikuwa na aibu. Watu walikuwa wananisifia." Akakisogeza kikombe kidogo. "Binti nilimwonyesha, kabla ya sherehe yake. Nilimwomba asikwambie. Wewe ulikuwa umeshaumia, nikashindwa."

Kusamehe sikusamehe pale, sitadanganya. Lakini sikuondoka.

Ndipo akaja msichana wa miaka kumi na tisa hivi, amebeba viatu vipya kwenye mfuko, mzuri, kiganja mdomoni. Vijana wakamsukuma mbele, "Mwonyeshe babu dawa yako." Akafungua mkono. Kilikuwa kichupa cha dawa ya macho. Mpaka leo bado vinauzwa.

Tabibu akainua kikombe chake. "Mjukuu wangu, yangu yaliisha kwa hiyo hiyo."

Msichana akayatazama yale meno majini, akamtazama mzee, mvi zake, mashavu yake. Akatabasamu kwa adabu. "Lakini Babu, wazee wote hawana meno."

Vijana wakacheka. Nikamwona Tabibu akipitisha ulimi kushoto kwenda kulia, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alikuwa amechelewa, na wakati ule ule ninaosimulia alikuwa anajua kwamba amechelewa. Ushahidi wake ulikuwa umezeeka pamoja naye, na msichana alikuwa ameshaanza kugeuka.

"Binti," nikasema.

Akanigeukia. Nimevaa vizuri, nina wanja, mtu bado ananiita dada sokoni. Mbele ya wale vijana wote, mimi ambaye hata mume wangu hajapata kuniona hivyo, nilitia kidole kinywani, nikayatoa yale meno mawili ya kahawia, nikayaweka mezani kando ya kikombe cha Tabibu. Halafu nikatabasamu, mdomo wote, bila kiganja.

Hakuna aliyecheka. Msichana aliinama akaangalia pengo langu kwa karibu, kama Tabibu alivyokuwa akiangalia. Kichupa bado kilikuwa mkononi mwake.

"Iliuma sana?" akauliza.

"Siku ya kwanza haikuuma," nikamwambia. "Siku ya kwanza yalikuwa meupe sana."